Timu tatu, pointi sawa, nafasi mbili: nani anafuzu?

SWALI

Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja ya wasichana huku Njombe. Mwezi uliopita tulicheza bonanza la kikapu la shule nne, na timu mbili za juu ndizo zilikuwa ziende kucheza Iringa. Sisi tuliwafunga wenyeji 28-24. Wenyeji wakawafunga wale wa shule ya njia panda 29-26. Njia panda nao wakatufunga sisi 29-25, na hapo ingekuwa 29-22 kama si binti mmoja wa kidato cha pili kutupia kutoka mbali sekunde za mwisho. Shule ya nne ilifungwa na wote: wenyeji waliipiga 48-10, njia panda 40-12, sisi 22-14. Kamati ikajumlisha tofauti ya pointi za mechi zote, wenyeji wakawa wa kwanza, njia panda wa pili, sisi tukarudi nyumbani. Mabinti walilia kwenye gari mpaka tunafika. Mmoja akaniuliza, "Madam, mbona Nigeria walipoteza mechi mbili kati ya tatu na bado wakaenda Olimpiki?" Sikuwa na jibu. Naomba unieleze: kwenye mashindano ya wanawake ya kufuzu ya kimataifa, timu zikilingana zinatenganishwaje? Na je, sisi tulionewa?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Kamwene! Nianze na lile linalokuuma. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, timu yako ilifuzu. Njia panda wa kwanza, ninyi wa pili, wenyeji wa tatu. Kabla ya kukuandikia nimeipiga hesabu hiyo mara mbili kwenye daftari, kisha nikampa mwenzangu ninayekaa naye meza ya kuandika pointi kwenye mashindano yetu hapa Mbeya aipige kivyake, na tumefika palepale. Nitakuonyesha ilivyo ili nawe uweze kumwonyesha mtu yeyote kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Ila tupitie Nigeria kwanza, maana huyo binti aliyekuuliza ana jicho.

Februari 2024 tiketi za Olimpiki ya Paris kwa kikapu cha wanawake ziligombewa katika miji minne kwa wakati mmoja: Antwerp kule Ubelgiji, Xi'an China, Sopron Hungaria na Belém Brazil. Kila mji ulikuwa na timu nne, kila timu ikacheza na wenzake watatu mara moja tu, basi. Hakuna marudiano wala nusu fainali. Tatu zinafuzu, moja inafunga mizigo. Ufaransa kama wenyeji wa Olimpiki, na Marekani kama mabingwa wa dunia wa 2022, tayari walikuwa na tiketi mfukoni, lakini nao walipangwa wacheze. Kwa hiyo Antwerp, walikokuwa Marekani, Ubelgiji, Nigeria na Senegal, zilibaki nafasi mbili tu za kugombewa na timu tatu.

Nigeria walipigwa na Marekani 100-46. Wakafungwa na Ubelgiji pia. Lakini waliwafunga Senegal 72-65, na Senegal wakamaliza bila ushindi hata mmoja. Hesabu yote ndiyo hiyo. Zile pointi 54 walizozidiwa na Marekani hazikuwadhuru kitu, kwa sababu tiketi yao haikuwa kwenye mechi ile. Ilikuwa kwenye mechi ya Senegal, na wao walilijua hilo tangu siku ratiba ilipotoka. Mashindano ya mechi tatu ndivyo yalivyo: kuna mechi ambayo ndiyo mlango, na kocha anayeipeleka timu bila kujua mlango uko wapi anawachosha mabinti bure.

Sasa kanuni. Kushinda ni pointi 2 za msimamo, kupoteza ni pointi 1, kutofika uwanjani ni 0. Watu waliozoea soka huishangaa ile pointi 1 ya aliyeshindwa. Mimi naipenda sana. Inasema umekuja, umecheza, umemaliza. Timu isiyokuwa na wachezaji watano tayari kucheza dakika 15 baada ya saa iliyopangwa inahesabiwa imefungwa 20-0 na haipati kitu. Wewe unayesafirisha timu kwa Coaster kipindi cha mvua, barabara za Makete na Ludewa unazijua, utaelewa dakika 15 zinavyoisha. Sare hakuna, zikilingana mwisho wa robo ya nne zinaongezwa dakika 5, na nyingine 5, mpaka mmoja ashinde.

Timu mbili zikilingana kwenye msimamo, unauliza kitu kimoja tu: walipokutana wao kwa wao, nani alishinda? Huangalii nani alimtwanga wa nne kwa mangapi.

Hicho kitu kimoja kiliwahi kuwaweka Canada roho juu. Ni kule Sopron, ambako wenyeji walikuwa Hungaria. Canada waliwafunga Hungaria, kisha wakafungwa na Hispania, na mechi yao ya mwisho wakafungwa na Japani 86-82. Ushindi mmoja, vipigo viwili, na hawana tena mechi ya kujitetea. Ikabaki Hispania na Hungaria. Hungaria wakishinda, Canada wanabaki sawa na Hispania, na kwa kuwa Hispania aliwafunga, wako nje. Hispania wakishinda, Canada wanakuwa sawa na Hungaria, na kwa kuwa Canada ndio waliowafunga Hungaria, wako ndani. Wakakaa kuangalia wenzao wakicheza maisha yao.

Tazama jambo hili kwa makini, Mwalimu. Hispania siku ile walikuwa wanafuzu kwa namna yoyote, washinde wasishinde. Walikuwa nyuma kwa pengo kubwa, ugenini, uwanja mzima ukiwaimbia wenyeji. Nani angewalaumu wangeiacha ile mechi ijiishie? Hawakuiacha. Walirudi kidogo kidogo wakashinda 73-72. Ile pointi moja haikuwaongezea Hispania chochote, lakini iliwapeleka Canada Paris na kuwafungia Hungaria mlango wakiwa nyumbani kwao. Belém nako ilikuwa hivyohivyo: Brazil, wenyeji, walifungwa na Ujerumani 73-71, Ujerumani wakaenda Olimpiki kwa mara ya kwanza kwa kikapu cha wanawake, Brazil wakabaki.

Mkasa wako ni mgumu zaidi kwa sababu ni timu tatu zinazozungukana. Wewe umemfunga mwenyeji, mwenyeji kamfunga njia panda, njia panda kakufunga wewe. Ukiuliza nani alimfunga nani utazunguka mpaka usiku. Hapo kanuni inakutaka uchore jedwali dogo la timu hizo tatu peke yake. Mechi za timu ya nne unazitupa nje kabisa. Ndani ya jedwali hilo dogo unatoa pointi za kufungwa kwenye pointi za kufunga, na mwenye tofauti kubwa anakaa juu. Tofauti zikilingana, unaangalia nani kafunga pointi nyingi ndani ya jedwali lilelile. Ikishindikana hata hapo ndipo unafungua mechi zote, na ile ya wa nne ikiwemo. Na kama timu moja imejitenga huku mbili zimebaki sawa, unaanza upya na hizo mbili tu: nani alimfunga mwenzake.

Hili limewahi kutokea mbele ya dunia nzima, tena kwa haohao Nigeria. Kwenye makundi ya Olimpiki ya Paris, Nigeria, Australia, Ufaransa na Canada walikuwa kundi moja. Nigeria waliwafunga Australia 75-62. Ufaransa wakawafunga Nigeria 75-54. Australia wakawafunga Ufaransa 79-72. Canada wakafungwa na wote watatu, Nigeria wakiwafunga 79-70. Unaiona picha? Ni bonanza lako la Njombe hasa: watatu wanazungukana, wa nne yuko chini.

Chora jedwali dogo. Ufaransa: wamezidi 21 kwa Nigeria, wamezidiwa 7 na Australia, wanabaki na 14 juu ya sifuri. Australia: wamezidiwa 13, wamezidi 7, wako 6 chini ya sifuri. Nigeria: wamezidi 13, wamezidiwa 21, wako 8 chini ya sifuri. Kwa hiyo Ufaransa wa kwanza, Australia wa pili, Nigeria wa tatu. Ukiwaingiza Canada kwenye hesabu, Nigeria wanakuwa moja juu ya sifuri na Australia moja chini, yaani Nigeria wangekaa juu ya Australia. Lakini Canada hawaingii. Kanuni ni kanuni, iwe imetupendeza Waafrika au haikutupendeza.

Nafasi ile ya tatu ilikuwa na bei. Timu zilizofuzu robo fainali kutoka nafasi ya tatu ziliwekwa kwenye chungu cha kukutana na vinara wawili bora wa makundi. Nigeria wakaangukia kwa Marekani, wakafungwa 88-74. Hata hivyo walikuwa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya kikapu cha Olimpiki, na ile ile Marekani iliyowazidi pointi 54 mwezi Februari iliwazidi 14 tu mwezi Agosti. Sasa rudi kwenye mechi ya Ufaransa waliyopoteza 75-54. Tuseme dakika ya mwisho, mechi imeshaisha mioyoni mwa watu, Mnigeria mmoja angetia tupio moja la pointi tatu. 75-57. Tofauti yao ingekuwa 5 chini ya sifuri, Australia 6. Wangekuwa wa pili.

Tuje kwako. Njia panda: wamezidiwa 3 na wenyeji, wamewazidi ninyi 4, wana 1 juu ya sifuri. Ninyi: mmezidi 4, mmezidiwa 4, mko sifuri kamili. Wenyeji: wamezidiwa 4, wamezidi 3, wako 1 chini ya sifuri. Njia panda, ninyi, wenyeji.

Na yule binti wa kidato cha pili? Asingetupia, mngefungwa 29-22, mngezidiwa 7, mngekuwa 3 chini ya sifuri, mngekuwa wa mwisho kati ya watatu. Umeniandikia habari zake kwenye nusu ya sentensi, kama jambo la pembeni. Mwalimu, lile ndilo tupio lililowafuzisha. Mechi ilikuwa imekwenda, wenzake nadhani walishaanza kutafuta chupa za maji, yeye akanyanyua mikono akatupia. Sijui kama kuna mtu alimpigia makofi.

Kuhusu kuonewa, nitasema ninavyoona. Kamati ilitumia hesabu ya soka. Kombe la Dunia la soka la 2022 lilianza na tofauti ya magoli ya mechi zote za kundi, na wengi wa wanakamati wetu wamekulia huko, kwa hiyo siwaiti wezi. Kama kanuni hiyo iliandikwa na kusomwa kwenu kabla ya mechi ya kwanza, basi mlikubali kucheza kwa kanuni hiyo na matokeo ni halali, hata kama kanuni yenyewe ni mbaya. Kama haikusomwa, ikatolewa mfukoni baada ya timu kulingana, na ikawapandisha wenyeji kutoka wa tatu hadi wa kwanza, ndiyo, mlionewa. Tena bila haja ya mtu kuwa na nia mbaya.

Na kwa nini naiita mbaya? Tazama 48-10. Kanuni ya kujumlisha mechi zote inamlipa anayemponda aliye dhaifu kuliko wote. Wewe uliwafunga wale 22-14 kwa sababu, nahisi, uliwaingiza mabinti wako wote, hata wale ambao hawajawahi kugusa mpira siku ya mashindano. Hesabu ya kamati imekuadhibu kwa wema huo. Miaka iliyopita nilikaa mezani kwenye mashindano fulani hapa Mbeya, ukungu haujaondoka vizuri mlimani, timu moja ya wasichana ikiwa mbele kwa pointi zaidi ya 40, na kocha wake bado anapiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" kwa sababu alikuwa anatafuta tofauti. Binti mmoja wa upande wa pili alichuchumaa katikati ya uwanja akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto, akarudi cha kulia. Alikuwa anasubiri muda uende. Mwamuzi alimwelewa, akamwacha. Jedwali dogo la FIBA linamwokoa binti kama yule: timu tatu za juu zikilingana, pointi walizomfunga yeye hazimnufaishi mtu.

Cha kufanya sasa. Mechi mliyocheza haitarudiwa, na safari ya Iringa imeshapita, sitakudanganya. Andika barua fupi kwa kamati, ya heshima, ukiambatanisha jedwali hili dogo, na uombe mambo mawili: kanuni za mwaka ujao ziandikwe na kusomwa kwenye kikao cha makocha kabla ya mpira kurushwa, na njia ya kutenganisha timu zinazolingana iwe ya FIBA. Usimtaje mtu. Usichanganye na malalamiko ya mechi, hayo yana utaratibu wake, nahodha anamjulisha mwamuzi ndani ya dakika 15 baada ya mechi na kusaini karatasi ya matokeo. Lako ni la msimamo, linakwenda kwa waandaaji.

Na kwenye mazoezi, tenga muda wa kucheza mkiwa mmeshapoteza. Weka dakika moja, mko nyuma kwa 9, waambie kazi ni kushuka hadi 6. Wasichana wetu wanafundishwa kushinda na kufungwa, hawafundishwi kufungwa kwa chache. Hilo ni somo kamili la kikapu, na linataka utulivu kuliko nguvu: kutofanya faulo ya hasira, kutowapa wapinzani mitupo huru ya bure, kukimbilia mpira uliokwenda nje ilhali kila mtu anajua mshindi nani. Jambo jingine dogo, hakikisha wanachezea mpira namba 6. Shule nyingi za nyanda za juu nilizopita zinawapa wasichana namba 7 wa wavulana kwa sababu ndio uliopo stoo, halafu tunashangaa tupio la mbali haliifikii ringi. Na mpira usilale stoo yenye baridi Juni na Julai huko kwenu. Ukilala kwenye baridi asubuhi haudundi, lete ndani, ongeza upepo kabla ya mazoezi.

Najua swali lililo nyuma ya swali la binti wako: na sisi je? Njia ya Tanzania inapita Kanda ya Tano ya kikapu cha Afrika, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Misri, Sudan Kusini na wengine. Kutoka hapo ni AfroBasket, yaani mashindano ya ubingwa wa Afrika, na AfroBasket ndiyo inayofungua milango ya mashindano ya kufuzu ya dunia. Kwa Kombe la Dunia la 2026 kule Berlin, lenye timu 16, mashindano ya kufuzu ya Machi yalipangwa kwa timu 24, sita sita katika Wuhan, Istanbul, San Juan na Lyon-Villeurbanne. Timu sita kundi moja maana yake mechi tano, na majedwali madogo mengi zaidi. Ukanda huu si wa kudharauliwa. Rwanda walimaliza wa nne Kigali mwaka 2023. Sudan Kusini, ambao walikuwa hawajawahi kucheza AfroBasket ya wanawake, walikwenda Abidjan mwaka 2025 kwa mara ya kwanza wakarudi na shaba, wakiwafunga Senegal 66-65. Pointi moja, tena.

Jumatatu ukiingia darasani, andika ubaoni matokeo ya zile mechi tatu za ninyi, wenyeji na njia panda na uwape mabinti chaki wachore jedwali dogo wenyewe. Usiwaambie jibu. Wakifika kwenye mstari wa timu yenu, mpe chaki yule wa kidato cha pili, atoe 7 aone mngekuwa wapi, kisha atoe 4.